Wastani: neno moja, hesabu tatu

wastani *nomino* (wastani wa, wastani huu). 1. Hali ya kuwa katikati. Kiasi kisichozidi wala kupungua sana: *mtu wa kimo cha wastani*. 2. (hisabati) Namba moja inayowekwa badala ya namba nyingi ili iziwakilishe: *wastani wa mvua ya mwezi*. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya katikati.

Maana ya kwanza haina utata. Ya pili ndiyo inayohitaji makala haya, kwa kuwa wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba wastani hupatikana kwa njia moja tu: jumlisha namba zote, kisha gawanya kwa idadi yake. Njia hiyo ni sahihi mara nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo hutudanganya pale isipofaa. Fasili iliyo hapo juu imeficha sharti katika maneno *ili iziwakilishe*. Namba huwakilisha namba nyingine kwa ajili ya jambo fulani, na jambo likibadilika, wastani nao hubadilika.

Mfano tuliouchagua ni wa wataalamu wa mafuta, wanaolazimika kutaja kwa namba moja jinsi mwamba mkubwa unavyopitisha mafuta au maji, ilhali mwamba huo haufanani na nafsi yake hata kwa umbali wa hatua moja. Lakini kabla ya kushuka chini ya ardhi, na tutembee kwanza juu yake.

Mwendo wa msafara

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, pamejulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kwa seminari yake na kwa kiwanda cha kupiga chapa cha misheni, ambacho vitabu vyake vilifika mbali. Zamani zaidi, eneo hili lote la Unyanyembe lilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kuendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea kutoka pwani kwa zaidi ya miezi minne. Tangu hapo kuelekea magharibi njia huingia katika nchi ya mto Malagarasi, yenye vinamasi vipana.

Tuchukue siku moja ya mwendo katika nchi ya namna hiyo. Kutoka kambi hadi kambi ni kilomita 16. Kilomita 8 za kwanza ni ardhi kavu, na wapagazi hutembea kilomita 4 kwa saa. Kilomita 8 za mwisho ni kinamasi, nao hutembea kilomita 1 kwa saa. Je, wastani wa mwendo ni upi?

Mwanafunzi atajumlisha 4 na 1, agawanye kwa 2, apate 2.5. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akiamini hesabu hiyo, atasema kwamba kilomita 16 zitamalizika kwa saa 6 na dakika 24. Wakiondoka saa kumi na mbili asubuhi, watafika saa sita na dakika 24 mchana. Lakini nchi kavu itawachukua saa 2 na kinamasi kitawachukua saa 8. Jumla ni saa 10, nao watafika saa kumi jioni. Mwendo unaowakilisha siku hiyo ni kilomita 16 kwa saa 10, yaani kilomita 1.6 kwa saa.

Tofauti ya 2.5 na 1.6 si ya kuchezea kwa mtu aliyebeba mzigo. Misafara ilikuwa na neno lake, *tirikeza*, kwa mwendo wa alasiri katika jua ambao watu walilazimishwa kuufanya pale maji yalipokuwa mbali. Aliyekosea kukadiria mwendo ndiye aliyewapa wenzake adhabu hiyo bila kukusudia.

Kosa la mwanafunzi limetoka wapi? Alizipa namba mbili uzito sawa kwa kuwa umbali ulikuwa sawa. Lakini anayetembea hatumii umbali. Hutumia saa, na kinamasi kilikula saa nyingi zaidi. Katika njia ambayo sehemu zake zimefuatana, sehemu mbovu ndiyo inayotawala.

Sasa tugeuze mfano. Mahali pa kuvukia mto pana vivuko viwili sambamba. Kimoja hupitisha mizigo 40 kwa saa, kingine 10. Kwa pamoja hupitisha 50, sawasawa na vivuko viwili vya mizigo 25 kila kimoja. Hapa wastani wa mwanafunzi, 25, ni sahihi kabisa. Vivuko vikiwa bega kwa bega, kilicho kizuri ndicho kinachotawala, na kibovu hakimzuii mtu kwa kuwa hakuna anayelazimika kukipita.

Basi swali la kwanza kwa yeyote anayetaka wastani wa mapito ni hili: *sehemu hizi zimefuatana, au ziko sambamba?*

Upenyaji, upenyezaji, upitishaji

Watu wengi huyawazia mafuta yaliyo chini ya ardhi kama ziwa lililofunikwa. Sivyo. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, kama maji yakaavyo ndani ya mtungi uliolowana. Ili kulieleza jiwe hilo twahitaji maneno mawili tofauti.

La kwanza ni uwazi, yaani sehemu ya jiwe ambayo ni vitundu vitupu. Uwazi hutueleza jiwe laweza kuhifadhi kiasi gani. La pili ni wepesi wa jiwe kuruhusu maji, mafuta au gesi kupita ndani yake, na hapa waandishi hutofautiana. Wako wanaoandika *upenyaji*. Lakini kinachopenya ni maji, si jiwe. Wako wanaoandika *upenyezaji*. Lakini kupenyeza ni kazi ya mtendaji anayekiingiza kitu kwa nguvu au kwa hila, kama vile kupenyeza rushwa. Sifa tunayoitafuta ni ya jiwe lenyewe, nalo jiwe hupitisha. Kwa hiyo katika makala haya twasema upitishaji wa mwamba. Anayependelea *upenyekaji*, kutokana na *penyeka*, hajakosea pia, maana hilo nalo hukitaja kinachoweza kupenywa, si kinachopenya.

Uwazi na upitishaji si kitu kimoja. Udongo wa mfinyanzi una vitundu vingi mno, lakini ni vidogo kiasi kwamba maji hukwama; uwazi wake ni mkubwa na upitishaji wake ni duni. Mchanga safi wa mto una vyote viwili.

Kipimo cha upitishaji kimeitwa kwa jina la mhandisi Mfaransa Henry Darcy, ambaye mwaka 1856, mwaka mmoja kabla ya Burton kufika Kazeh, alichapisha kitabu kuhusu maji ya mji wa Dijon. Humo alieleza majaribio yake ya kupitisha maji katika mchanga, na kanuni aliyoipata: kiasi kinachopita huongezeka kadiri shinikizo linavyoongezeka, na hupungua kadiri njia inavyorefuka. Kipimo chenyewe tutakiandika *darsi*, na sehemu yake ya elfu moja *milidarsi*. Msomaji asikichanganye na darsa za msikitini.

Kujumlisha mwamba

Mtaalamu hupataje upitishaji wa mwamba ulio chini sana? Wakati wa kuchimba kisima, hutolewa mhimili wa jiwe, na kutoka humo hukatwa vipande vidogo, vingi vyao vikiwa na unene wa karibu sentimita 4 na urefu wa vidole viwili au vitatu. Kila kipande hupimwa katika maabara. Kazi ya pili ni kujenga modeli ndani ya kompyuta: mwamba wote hugawanywa katika visanduku, kila kisanduku kikapewa namba yake ya upitishaji, kisha programu huigiza jinsi mafuta na maji yatakavyotiririka kwa miaka mingi ijayo.

Hapo ndipo ugumu unapozuka. Tuseme mwamba una urefu wa kilomita 10, upana wa kilomita 10 na unene wa mita 50. Mwanajiolojia, anayetaka kuonyesha kila tabaka, hukata visanduku vya mita 25 kwa mita 25 kwa nusu mita. Idadi yake ni milioni 16. Kuigiza mtiririko katika visanduku hivyo vyote, siku baada ya siku, mara mamia kwa kubadilisha makisio, huchukua muda na gharama ambazo mara nyingi hazipatikani. Basi mhandisi hutengeneza visanduku vikubwa vya mita 100 kwa mita 100 kwa mita 5. Sasa vimebaki 100,000 tu, lakini kila kimoja kimemeza visanduku 160 vya awali, na zile namba 160 ni lazima ziwe moja.

Kazi hiyo ya kuzigeuza namba nyingi za vipande vidogo kuwa namba moja ya kipande kikubwa twaweza kuiita ujumlishaji wa upitishaji. Kitenzi *jumlisha* chafaa kwa kuwa kina maana mbili zilizozoeleka: kuongeza namba juu ya namba, na kutoa kauli moja inayoyakusanya mambo mengi. Ujumlishaji wa mwamba ni wa maana ya pili, na atakayeuchukulia kwa maana ya kwanza atapotea kama kirangozi wetu. Wala safari si fupi: kisanduku kikubwa tulichokitaja kina ujazo wa mita za ujazo 50,000, ambao ni karibu mara bilioni moja ya ujazo wa kipande kilichopimwa maabarani.

Tabaka mbili, namba tatu

Tuchukue kisanduku chenye tabaka mbili zenye unene sawa. Ya juu ni jiwe la mchanga lenye upitishaji wa milidarsi 1,000. Ya chini ni jiwe la tope lenye milidarsi 1.

*Mtiririko ukienda kwa ulalo*, sambamba na tabaka, tuko kwenye vivuko viwili vya mtoni. Tunajumlisha na kugawanya: 1,001 gawanya kwa 2 ni 500.5. Tuuite wastani wa jumla.

*Mtiririko ukienda kwa wima*, kutoka juu hadi chini, hauna budi kupita mchangani na kisha topeni. Tuko kwenye njia ya msafara. Kama vile kinamasi kilivyokula saa, tope hula shinikizo. Hesabu yake ni kuigawa 1 kwa kila namba, kuyajumlisha majibu, kisha kuigawa idadi ya tabaka kwa jumla hiyo: 2 gawanya kwa 1.001, ambayo ni karibu 2. Tuuite wastani wa kinyume.

*Mwamba usipokuwa na tabaka*, bali mchanga na tope vimetapakaa kama miraba ya bao la drafti, mtiririko haulazimiki kupita kwenye tope tupu wala haupati njia ya mchanga iliyonyooka. Katika bao la namna hiyo, likitazamwa kwa urefu na upana tu, jibu ni kipeuo cha pili cha zao la namba mbili: 1,000 mara 1, kipeuo chake ni karibu 31.6. Huu ni wastani wa zao.

Jiwe lile lile, tope lile lile, kwa kiasi kile kile cha nusu kwa nusu; lakini namba ni 500.5, au 31.6, au 2. Ya kwanza ni mara 250 ya ya mwisho. Hakuna kati yake iliyo ya uongo. Kila moja ni jibu la swali lake.

Twaweza kuongeza jambo moja lenye faida kwa anayekisia. Vipande vikiwa na ujazo sawa, kwa mpangilio wowote ule, upitishaji wa kisanduku kizima hauwezi kuuzidi wastani wa jumla, wala hauwezi kushuka chini ya wastani wa kinyume. Wastani hizo mbili ni kuta za nyumba. Mpangilio wa mawe ndio unaoamua tutakaa wapi ndani yake.

Kutoka Ziwa Albert hadi Nzega

Mafuta ya kutosha kuuzwa yalithibitishwa nchini Uganda mwaka 2006, katika bonde la ufa la Ziwa Albert. Miradi yake mikuu ni miwili: Tilenga, inayosimamiwa na TotalEnergies katika wilaya za Buliisa na Nwoya, na Kingfisher, inayosimamiwa na CNOOC katika wilaya ya Kikuube. Mafuta hayo ni mazito kwa nta na huganda yakipoa, hivyo bomba la kuyapeleka baharini limetengenezwa liweze kupashwa moto. Urefu wake ni kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko Tanzania, na njia yake hupita katika mkoa wa Tabora, wilaya za Nzega na Igunga. Katika kijiji cha Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavisha mabomba hayo vazi la kuzuia joto lisipotee.

Kwa makadirio yaliyotangazwa na serikali ya Uganda, mapipa yaliyomo chini ya ardhi ni bilioni 6.5, lakini yanayotarajiwa kutolewa ni bilioni 1.4 hivi, kiasi kidogo kuzidi moja ya tano. Namba ya kwanza hutegemea zaidi uwazi wa mwamba, yaani mnamo nafasi gani. Ya pili hutegemea pia upitishaji, yaani kilichomo kitakubali kutoka au la. Idadi ya visima, ukubwa wa bomba na mapato yanayotazamiwa na mataifa mawili vyote hupimwa kwa makisio ya namna hii.

Mwamba wa Ziwa Albert umewekwa na mito na maziwa ya kale: mchanga, kisha tope, kisha mchanga tena. Ni mwamba wa tabaka, na kwa hiyo upitishaji wake wa ulalo na wa wima hauwezi kuwa namba moja. Modeli nzuri hukipa kila kisanduku namba mbili au tatu, moja kwa kila upande wa mtiririko.

Lakini hata hilo halitoshi, na hapa ndipo penye mtego mkubwa. Katika kazi ya Tilenga, baadhi ya visima si vya kutoa mafuta bali vya kuingiza maji, ili maji yayasukume mafuta kuelekea visima vingine. Sasa tuwaze kisanduku chenye tabaka 10 za unene sawa. Tisa zina milidarsi 50 kila moja. Moja ni mchanga safi wa mto wa kale wenye milidarsi 5,000. Mtiririko ni wa ulalo, basi twatumia wastani wa jumla: 5,450 gawanya kwa 10 ni 545. Hesabu ni sahihi, na kiasi cha maji kitakachopita katika kisanduku kizima kitakuwa kile kile.

Ila maji hayo hayatapita kwa usawa. Karibu asilimia 92 yatapita katika ile tabaka moja, ambayo ni sehemu ya kumi tu ya unene. Kama uwazi wa tabaka zote ni sawa, na tukiacha kando tofauti ya wepesi wa maji na mafuta, maji katika tabaka hiyo yatakifika kisima cha pili mara 9 mapema kuliko modeli ya milidarsi 545 isemavyo. Kisima kitaanza kutoa maji huku mafuta ya zile tabaka tisa yakiwa bado yamelala mahali pake.

Huu si mgongano wa sahihi na kosa. Wastani wa 545 ulijibu swali *kiasi gani kitapita?* na ulijibu vizuri. Haukuulizwa *kitafika lini?* na kwa hiyo haukusema. Aliyeuchukua ukajibu la pili ndiye aliyekosea.

Graniti ya Tabora

Chini ya Kipalapala hakuna mafuta. Sehemu hii ya nchi imekaa juu ya miamba ya kale sana, mingi yake ikiwa ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata hivyo, anayechimba kisima cha maji huko hukutana na swali lile lile, na mara nyingine kwa ukali zaidi.

Graniti nzima, isiyoguswa na mvua wala kuvunjika, karibu haipitishi kitu. Kata vipande vyake kumi uvipeleke maabara. Vyote vitaleta namba zinazokaribia sufuri. Wastani wa jumla, wa zao au wa kinyume, vyovyote utakavyofanya, utasema hapa hapana maji ya kutoka. Lakini visima vyenye maji vipo katika nchi ya graniti, kwa kuwa maji hukaa katika tabaka ya juu iliyooza na kulainika, na katika nyufa zilizo chini yake. Vipande vya maabara havikuziona nyufa hizo kwa sababu nyepesi: jiwe lenye ufa huvunjika wakati wa kukatwa, hivyo kinachobaki kupimwa ni jiwe zima. Sampuli imejichagua yenyewe.

Tena nyufa hazifai kitu zisipoungana. Nyufa mia zisizogusana hupitisha kidogo kuliko ufa mmoja uliofululiza. Ndiyo maana si ajabu kuona shimo moja limetoka kavu na jingine, hatua chache kutoka hapo, likatoa maji ya kuwatosha watu wengi. Anayesema kwamba mashimo hayo mawili *kwa wastani* yana maji nusu hajasema neno lolote la kumfaa anayebeba ndoo. Mwamba wa namna hii haujumlishwi kwa vipande. Hupimwa kwa kuvuta maji kisimani kwa saa nyingi na kuangalia kina chake kinavyoshuka na kurudi, maana jaribio hilo huugusa mwamba mkubwa kwa mkupuo mmoja. Wataalamu wa mafuta nao hufanya majaribio ya shinikizo visimani kwa sababu hiyo hiyo: kuihoji namba iliyotoka katika vipande vidogo.

Fasili iliyo kamili zaidi

Mwaka 1929 mwanahisabati Mwitaliano, Oscar Chisini, aliieleza maana ya wastani kwa namna inayotatua mafumbo yote yaliyotangulia. Tukiiweka kwa maneno yetu: wastani ni ile namba ambayo, ukiiweka mahali pa kila moja ya namba za awali, jambo unalolipima halibadiliki. Kwa hiyo ni lazima kwanza ulitaje hilo jambo. Kwa msafara, jambo ni saa za safari. Kwa vivuko, ni mizigo inayopita. Kwa mwamba, ni kiasi cha mafuta kinachopita chini ya shinikizo fulani, kwa upande fulani.

Kompyuta ya mhandisi hufuata fasili hiyo hiyo pale kanuni rahisi zisipofaa. Huchukua kisanduku kikubwa pamoja na vile vidogo 160 vilivyomo, huweka shinikizo kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili, hukokotoa ni kiasi gani kitapenya katika vizuizi vyote, kisha hutafuta namba moja ambayo ingepitisha kiasi kile kile. Hurudia kwa upande wa pili na wa tatu. Na pale penye tabaka nyembamba iliyo nyepesi mno, mhandisi mwangalifu huiacha iwe na visanduku vyake yenyewe, asiimeze ndani ya wastani. Kujua nini kisijumlishwe ni sehemu ya kujua kujumlisha.

Matumizi

Kwa mwandishi wa habari, mwalimu au mfasiri, mambo haya yatosha kuzingatiwa:

1. Taja wastani *wa nini*. Usiandike: *Wastani wa mwamba ni milidarsi 500.* Andika: *Wastani wa upitishaji wa mwamba kwa ulalo ni milidarsi 500.*

2. Taja *njia* ya hesabu ikiwa namba zatofautiana sana. Wastani wa jumla, wa zao na wa kinyume hukaribiana pale namba zinapokaribiana; kati ya 4 na 5 hakuna la kugombania. Kati ya 1 na 1,000, kunyamaza ni kupotosha.

3. Usiseme *kwa wastani* ukimaanisha *kwa kawaida*. Katika mwamba wenye tabaka za milidarsi 50 na moja ya 5,000, wastani wa jumla ni 545, na hakuna tabaka hata moja yenye namba hiyo. Kilicho cha kawaida humo ni 50.

4. Tofautisha *uwazi* na *upitishaji*. Sentensi *mwamba una mafuta mengi, basi yatatoka kwa wingi* imeruka hatua.

5. Msomaji akutanapo na wastani katika taarifa ya kisima, bomba au bajeti, na aulize maswali mawili: sehemu zilizojumlishwa zimefuatana au ziko sambamba? Na namba hii iliandaliwa kujibu swali gani? Kirangozi ambaye angeuliza hivyo asubuhi angewaambia wapagazi wafungashe maji ya kutosha hadi saa kumi.

*Tazama pia:* jumlisha, kadiri, kipeuo, penya, pitisha, sampuli, zao.